Sura ya Tisa: Kengele ya Meli ya Barua

Saa mbili na nusu asubuhi ya Alhamisi, Inspekta Koleo alikuwa amezipanga picha kumi na nne juu ya meza yake, safu mbili za saba saba, naye akiizunguka meza kama fundi anayetafuta mahali paa linapovujia.

Koleo halikuwa jina lake la kitambulisho. Alibandikwa jina hilo na mahabusu miaka mingi nyuma, kwa sababu jambo alilolibana halikumponyoka. Alikuwa mama wa miaka hamsini na mbili, mfupi, mwenye sauti ya chini na viatu visivyotoa mlio. Kuogelea hakujua. Hata beseni la maji ya kuogea alilipa heshima yake. Na sasa walimletea kesi iliyokuwa mita kumi na nane chini ya bahari.

Huko chini ndiko ilikolala Meli ya Barua. Ilizama enzi za mababu, katikati ya ukungu mzito, na kengele yake iligongwa kutwa nzima mpaka wenye mitumbwi wakaufuata mlio na kuwaopoa watu majini. Nusu ya mji ule ilikuwa vitukuu wa hao walioopolewa. Sheria iliagiza kengele isiguswe, ibaki palepale kwenye sitaha, na wazamiaji walitoka mbali kuja kuitazama huku samaki wakiizunguka. Jumanne saa sita mchana kundi la wageni lilishuka na kukuta kiguzo kitupu. Kengele ilikuwa imekatwa kwa patasi na kuchukuliwa.

Mlango ulifunguliwa bila kubishwa. Alikuwa Mkuu wa kituo.

"Koleo, unangoja nini? Mtu tunaye ndani. Patasi imekutwa kabatini kwake. Mwenyewe anakiri alikuwa kwenye meli asubuhi ile, peke yake."

"Anakiri alikuwepo, mkuu. Kuiba hajakiri."

"Wewe uliona mwizi gani anayekiri kwa hiari? Saa nane jalada liende kwa mwendesha mashtaka. Na kesho alfajiri kuna meli ya mizigo inang'oa nanga. Kengele ikiwa humo, tutabaki kuipungia mikono."

Mlango ukafungwa. Sajini, msaidizi wa Koleo, mzee aliyebakiza miezi minne kustaafu, akajikuna kidevu.

"Tuanze tena, Sajini," Koleo alisema. "Polepole, kama vile sijui kitu."

"Mtu aliye ndani ni Pezi, mwalimu wa kuzamia. Jumanne saa mbili na nusu asubuhi alishuka kukagua kamba ya boya. Anadai kengele ilikuwepo. Aliigusa kwa kiganja, eti kuisalimia, kama afanyavyo siku zote."

"Basi iliibwa kati ya saa mbili na nusu na saa sita."

"Kama Pezi anasema kweli. Na asubuhi ile vyombo vilivyotoka klabuni vilikuwa viwili tu. Cha Pezi, na cha Mpigapicha, mwenye klabu mwenyewe. Mpigapicha ana funguo za akiba za makabati yote, hilo tunalijua. Lakini Mpigapicha alikuwa Ukuta."

Ukuta ulikuwa mwamba wa matumbawe uliosimama wima baharini, mwendo wa saa moja na nusu kwa boti kutoka klabuni au kwenye Meli. Aliyekuwa Ukuta saa tatu hakuweza kuwa kwenye Meli ya Barua saa nne kasorobo akikata chuma, kisha akawa klabuni saa tano na nusu akinywa chai mbele ya watu. Na Mpigapicha alikuwa na ushahidi: picha kumi na nne, kila moja na tarehe na saa yake pembeni. Jumanne, saa tatu na dakika kumi. Saa tatu na dakika kumi na mbili. Mpaka saa tatu na dakika hamsini na mbili.

"Picha haziongopi," Sajini alisema.

"Picha haina mdomo, Sajini. Anayeongea ni aliyeileta."

Mlango ulibishwa. Aliyeingia alikuwa mwanamke wa miaka arobaini hivi, kanda ya kupimia ikiwa bado inaning'inia shingoni, kifurushi kikubwa cha plastiki mkononi. Alikuwa fundi wa klabu ya kuzamia, mshonaji na mziba viraka wa suti za mpira. Pia alikuwa dada yake Pezi.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Keti."

"Sikuja kulia. Kulia nimeshalia jana, yakaisha. Nimeleta kitu." Alifungua kifurushi. Harufu ikatoka mbio, Sajini akafungua dirisha.

"Mayai viza!"

"Hii ni suti ya Mpigapicha," fundi alisema. "Jumanne saa saba mchana aliniletea, imechanika goti. Akaniambia, ioshe kwanza, ndipo uzibe. Kisha habari za mdogo wangu zikanifika, nikaiacha kama ilivyo. Leo asubuhi nimeishika, ndipo pua ikanizindua."

Koleo alivaa glovu, akaukunjua mguu wa suti. Gotini na kwenye mishono kulikuwa na tope jeusi, laini kama masizi yaliyolowa.

"Na Ukuta hakuna tope," fundi aliendelea. "Mimi sizamii, afande. Maji kwangu mwisho magotini. Lakini suti hunisimulia. Miaka tisa nazishona. Zinazotoka Ukuta huja na mchanga mweupe kwenye mishono. Zinazotoka kwenye Meli huja na kutu. Hili tope linakuja na wale wachache wanaotafuta farasi wa baharini chini ya gati la zamani. Wenzao huwacheka, wanawaambia wanazamia jaani."

"Kabla ya Jumanne ilioshwa lini?"

"Jumatatu jioni. Niliiosha kwa mikono hii, ikakaukia kambani."

Koleo alivua glovu. "Dada, maneno yako nayaamini. Ila nikiyapeleka mahakamani peke yake, wakili atainuka na kusema: dada anamtetea mdogo wake, tope alilipaka mwenyewe."

Mwanamke aliishika kanda ya kupimia ncha zote mbili. "Basi mdogo wangu ataozea ndani kwa sababu mimi ni dada yake?"

"Sijasema hivyo. Picha hizi zikisimama, tope litabaki kuwa tope. Picha zikianguka, tope litasimama." Koleo alizikusanya zote kumi na nne. "Sajini, funga suti kwenye mfuko wa vielelezo, andika saa, dada aweke sahihi. Kisha lete gari."

*

Kituo cha utafiti wa viumbe vya bahari kilikuwa chumba kirefu chenye matangi ya vioo kila upande, pampu za hewa zikinong'ona, sakafu ikiwa na unyevu usiokauka. Mtaalamu wa samaki alikuwa mwanamke mrefu aliyekunja mikono ya shati, miwani yake ikining'inia kwa uzi. Alikuwa akimlisha mkunga, samaki mrefu kama nyoka, kwa koleo refu, na mkunga alikuwa akijitokeza nusu kwenye tundu lake, mdomo wazi, kama mdai aliyechoka kusubiri.

"Nina swali moja," Koleo alisema. "Picha hizi zilipigwa wapi?"

Alikuwa na hoja yake tayari. Katika picha ya tatu palikuwa na kasa mwenye gamba lililomeguka pembeni kama biskuti iliyong'atwa. Na Koleo aliwahi kumwona kasa huyohuyo kwenye picha iliyotundikwa ukutani mwa klabu, amejilaza juu ya sitaha ya Meli ya Barua. Kasa wa Meli amefikaje Ukuta? Alijiona tayari ameshika kichwa cha nyoka.

Mtaalamu alivaa miwani, akatazama, akacheka kidogo.

"Huyu? Huyu namjua kama jirani yangu. Analala kwenye Meli, anakula Ukuta, wiki iliyopita wamemwona pale panapoitwa Bustani. Kasa hana anwani, mama. Akitaka kuhama hahitaji hata kufunga mizigo."

"Kwa hiyo picha inaweza kuwa ya Ukuta?"

"Si inaweza. Ni ya Ukuta. Hii sifongo nyuma yake, yenye umbo la pipa, iko mita ishirini na mbili. Nimeipima mwenyewe mara sita. Na hii, na hii." Alizipitisha moja moja. "Zote ni za Ukuta. Huyo aliyekuletea hakukudanganya mahali."

Sajini alikohoa. Hoja aliyokuja nayo ilikuwa imegeuka na kumng'ata mwenyewe: alikuwa amemthibitishia adui ushahidi wake, tena kwa mdomo wa mtaalamu. Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na robo.

Alianza kuzirudisha picha kwenye bahasha. Sajini, ambaye chumba kile chenye joto na mnong'ono wa pampu kilikuwa kimeanza kumbembeleza, alipiga mwayo mrefu uliofika masikioni.

"Wewe nawe!" Koleo alimgeukia. "Kutwa miayo. Si juzi tu mkeo alikuwa analalamika kwamba usiku unalala usingizi wa pono, hata mwizi angeng'oa mlango usingesikia?"

Mtaalamu aliangua kicheko. "Basi mwenzako huyu hapa," alisema, akigusa picha ya tisa kwa ukucha. "Pono mwenyewe, kalala fofofo, amejifunika na shuka."

Kicheko chake kikakatika. Alivua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena. Aliichukua picha ya tisa akaisogeza dirishani.

"Umesema picha hizi zilipigwa saa ngapi?"

"Saa tatu asubuhi," Koleo alijibu taratibu. "Saa imeandikwa pembeni."

"Haiwezekani."

Koleo alizirudisha picha mezani.

"Nieleze," Koleo alisema, "kama unavyomweleza mtoto wa darasa la pili."

"Huyu samaki mwenye mdomo kama wa kasuku ni pono. Unauona huu utando unaong'aa, umemzunguka kama chandarua? Anautoa mwenyewe mdomoni. Jua likizama, anajibana kwenye tundu, anajitengenezea hicho chandarua, analala. Kukipambazuka anakichana, anatoka. Saa tatu asubuhi pono yuko kazini, anatafuna matumbawe, unamsikia kabla hujamwona: kacha, kacha, kacha. Miaka ishirini na miwili nazamia. Pono aliyelala ndani ya utando saa tatu asubuhi sijamwona, wala sijamsikia anayesema amemwona."

"Akiwa mgonjwa?"

"Tuseme huyu mgonjwa. Na huyu wa picha ya kumi na moja? Na huyu wa kumi na tatu? Ugonjwa gani huo, umewalaza ukoo mzima kwa foleni?" Alishazichukua nyingine. "Tena tazama matumbawe haya. Yametoa vidole vyake vyote nje. Aina hii hula gizani, mchana yanajikunja kama ngumi. Picha hizi zilipigwa usiku. Mtu aliibadilisha saa ya kamera."

"Lakini picha si zina mwanga?"

"Taa ya kamera, mama. Ukuta mita ishirini na mbili, kwa taa ya kamera, mchana na usiku ni mapacha. Anayewatofautisha ni samaki."

Koleo alitoa karatasi na kalamu, akaziweka mbele yake. Kwa mara ya kwanza siku ile uso wake ulilegea.

"Andika yote hayo. Usiache hata chandarua. Mwisho uweke sahihi na mhuri." Kisha akamgeukia Sajini. "Na wewe, Sajini, kuanzia leo piga miayo upendavyo."

*

Mpigapicha aliitwa kituoni saa tano na nusu. Alikuja mwenyewe, bila pingu, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi na saa kubwa ya kuzamia mkononi. Picha zake zilipamba kuta za hoteli na ofisi nyingi, na yeye mwenyewe alitembea kama mtu anayejua kwamba anatazamwa. Koleo alimsomea haki zake, akamwuliza kama anataka wakili. Akatikisa kichwa.

"Wakili wa nini, mama Inspekta? Mimi ndiye niliyeibiwa. Ile kengele ndiyo iliyokuwa inaniletea wageni."

"Basi nisaidie. Mimi bahari siijui. Naomba unifundishe. Katika huku kuzamia kwako kote, wapi unapopapenda zaidi?"

Ulikuwa ufunguo uliomwingia sawasawa. Aliegemea kiti, mikono ikaanza kuchora hewani.

"Kila mzamiaji ana pake. Pa tatu kwangu ni Bustani. Pale samaki taa wakubwa, mabawa yao mapana kama jamvi, huja kusafishwa na samaki wadogo. Wanasubiri zamu kama watu kwa kinyozi, hakuna anayeruka foleni. Pa pili ni Mkondo. Unajishika mwambani, na papa potwe anapita juu yako, urefu wa lori, mdomo wazi, madoa mgongoni kama nyota. Wala hana habari na wewe. Ukitoka pale umejua udogo wako."

"Na pa kwanza?"

"Ukuta! Siku zote Ukuta. Unashuka, chini huoni mwisho, pembeni yako matumbawe ya kila rangi. Pweza anakubadilikia rangi mbele ya macho. Jumanne nilikuwa na asubuhi nzuri kuliko zote za mwaka huu."

"Na chini ya gati la zamani?"

Alikunja pua. "Pale? Mama, pale ni tope na matairi. Mwaka mzima sijatia mguu."

"Mwaka mzima. Andika hilo, Sajini." Koleo alizipanga picha. "Na hizi zote kumi na nne umezipiga Jumanne, kati ya saa tatu na dakika kumi na saa nne kasoro dakika nane. Hakuna hata moja ya siku nyingine?"

"Hata moja."

"Saa ya kamera haina hitilafu?"

"Kamera yangu? Inakwenda kama saa ya kituo cha treni."

"Tafadhali soma maelezo yako. Ukiridhika, saini kila ukurasa."

Alisoma, akasaini kurasa tatu kwa mwandiko wa mbwembwe. Koleo alisubiri wino ukauke. Kisha akaisukuma picha ya tisa katikati ya meza.

"Huyu nani?"

"Pono."

"Anafanya nini?"

Mpigapicha aliivuta picha karibu.

"Umezamia miaka mingapi?" Koleo aliuliza kwa upole.

"Kumi na tisa."

"Basi unajua kuliko mimi. Anafanya nini?"

"Ame... amepumzika."

"Saa tatu asubuhi? Ndani ya chandarua chake? Na huyu wa kumi na moja, naye amepumzika? Na huyu?" Aliweka juu yake karatasi yenye mhuri. "Mtaalamu wa samaki anasema pono wako wanalala usingizi wa usiku. Nami tangu nazaliwa nasikia watu wakitaja usingizi wa pono, sikujua siku moja utanifaa kazini."

"Pengine..." Alijifuta midomo. "Pengine saa ya kamera ilikorofisha."

"Umesaini kwamba haina hitilafu."

"Nilichanganya. Zile ni za Jumamosi usiku. Nilikosea bahasha."

"Sawa. Tukubali ni za Jumamosi usiku. Basi za Jumanne asubuhi ziko wapi?"

Mpigapicha aliizungusha saa yake mkononi.

"Na kama hazipo, Jumanne asubuhi ulikuwa wapi?"

Sajini alitoka, akarudi na mfuko wa vielelezo, akauweka mezani. Hakuhitaji kuufungua sana. Harufu ilijitambulisha yenyewe.

"Gati la zamani hujatia mguu mwaka mzima," Koleo alisema. "Lakini suti yako ilikuwa safi Jumatatu, na Jumanne saa saba mchana ilikuwa na tope la chini ya gati hadi kwenye mishono. Hukwenda Ukuta. Ulingoja Pezi aondoke kwenye Meli, ukashuka, ukakata kengele, ukaifunga kwenye mfuko wa hewa wa kunyanyulia mizigo, ukaikokota kwa boti yako chini kwa chini. Mzigo kama ule huwezi kuupitisha klabuni mchana. Ukaushusha mahali ambapo mzamiaji mwenye heshima zake hapiti. Kisha ukafungua kabati la mwalimu wako kwa funguo za akiba ukamwekea patasi. Kuna mkusanyaji wa vitu vya kale anayeisubiri kengele ije na ile meli ya mizigo ya kesho alfajiri, au nimekosea?"

Mpigapicha aliitazama picha ya tisa kama vile samaki yule ndiye aliyemsaliti.

"Nataka wakili," alisema.

"Ni haki yako." Koleo alisimama. Ilikuwa saa sita na dakika ishirini.

*

Njia ya mwongo ni fupi, lakini gati la zamani lilikuwa refu: nguzo themanini na mbili, na chini yake maji ya rangi ya kahawa iliyochacha. Koleo alisimama juu ya mbao akishika ukingo kwa mikono miwili. Chini walikuwa wazamiaji wawili wa polisi, mitungi mgongoni.

"Kwa maji haya, afande," mmoja alisema, "tutapapasa nguzo moja moja mpaka wiki ijayo. Mkono wako mwenyewe huuoni."

"Nani anayeweza?"

Walitazamana. "Aliyetufundisha sisi wote wawili."

Saa saba kasoro dakika tano Pezi alishushwa kwenye gari la polisi, bila pingu. Alikuwa njemba wa miaka thelathini na nne, mabega mapana, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Dada yake alikuwa ameshafika na suti yake begani.

"Umekula?" dada aliuliza.

"Nitakula baadaye."

Mkuu wa kituo alikuja akihema. "Koleo! Unamtia mahabusu majini?"

"Si mahabusu tena, mkuu. Nimeandika kuachiwa kwake, bado sahihi yako tu. Askari ndio watakaoishika kengele. Yeye ataonyesha njia."

Mkuu alisoma karatasi ya mtaalamu akiwa amesimama juani. Alirudia kusoma pale palipoandikwa chandarua. Halafu akatoa kalamu mfukoni.

"Wewe Pezi," Koleo alimwita, "ungekuwa na mzigo wa kilo sitini, unaukokota kwa boti, unaogopa kuonekana. Ungeushusha wapi?"

Pezi alilitazama gati lote, mwanzo hadi mwisho, akilipima.

"Boti yake inahitaji kina cha mita moja, kwa hiyo si huku karibu na nchi kavu. Kule mwisho kuna wavuvi wa ndoana, wangemwona. Katikati pale ngazi ilipovunjika, hapo hakuna anayekaa. Na angefunga kamba kwenye nguzo, chini kabisa, ili airudie kwa kupapasa. Nguzo ya arobaini hadi ya hamsini."

"Nenda."

Walizama watatu. Juu ya maji yakabaki mapovu, yakisogea nguzo hadi nguzo. Habari ilikuwa imeshatembea mjini. Watu walianza kujaa kwenye gati: wachuuzi, makarani waliotoka kazini kwa chakula cha mchana, mwalimu mkuu mstaafu aliyejulikana kwa kusimulia jinsi babu yake mzaa baba alivyoopolewa kwenye ukungu. Aliyeuliza alinyamazishwa. Mtaalamu wa samaki alifika na kusimama kando ya Koleo bila salamu.

Nguzo ya arobaini na nne. Ya arobaini na tano. Dakika kumi na nane zikapita. Mapovu yalisimama kwenye nguzo ya arobaini na saba, yakakaa palepale, yakaongezeka, yakachemka kama sufuria.

"Wamepata kitu," mtaalamu alinong'ona.

"Au wamenasa kwenye tairi," Sajini alijibu, lakini alikuwa ameshavua kofia.

Maji yalitoa tope jeusi, kisha mfuko wa njano ukafumuka juu, umejaa hewa, ukayumba. Chini yake, kwenye minyororo, kitu cha duara kilikuwa kikining'inia, cheusi kwa tope. Askari wawili waliibuka pande zote mbili wakiushika mfuko. Juu ya gati watu ishirini waliidaka kamba kabla hata hawajaambiwa.

"Polepole!" Koleo alipaza sauti, na wanaomfahamu wakashtuka, kwani hawakuwahi kuisikia sauti hiyo ikipanda. "Ni kielelezo! Asiiguse mtu, vuteni kamba tu!"

Walivuta. Kengele ikatoka majini, tope likaporomoka mabegani mwake, shaba ikaanza kuonekana, na herufi za jina la meli zikajitokeza moja baada ya nyingine. Ilipofika usawa wa mbao iliyumba mara moja, na ulimi wake, uliokuwa haujagonga kitu hewani tangu siku ile ya ukungu, ukajigonga wenyewe.

Mlio ulikwenda mbali. Ulipita juu ya vichwa, juu ya boti, ukaingia mjini. Mwalimu mkuu mstaafu aliinamisha kichwa.

Kisha Pezi akaibuka. Aling'oa barakoa, akatema maji, akainua mkono juu.

"Nzima!" alipiga kelele. "Haina hata ufa! Kengele yetu nzima!"

Gati lililipuka kwa shangwe. Watu walikumbatiana na wasiowajua. Mkuu wa kituo alikuwa akipeana mikono na kila aliyekuwa mbele yake, Sajini akampiga Koleo begani kama mtoto mwenzake wa mtaani, na Koleo akamwacha. Kati ya kelele zile mtu mmoja hakupiga makofi. Fundi wa suti alikuwa akisukuma watu kwa viwiko, akipita, kanda ya kupimia ikiruka shingoni. Alifika ukingoni. Hakuitafuta ngazi. Aliruka na viatu vyake na gauni lake, maji yakarushwa hadi juu ya gati, na mdogo wake akamdaka kabla hajazama, wote wawili wakicheka na kulia na kumeza maji ya chumvi.

"Dada, hujui kuogelea!"

"Nishike basi!" alisema. "Nishike, usiniachie!"

Naye Pezi akamshika, huku watu wote gatini wakilitaja jina lake.